Kifaa Kiko Sikioni. Je, Mtoto Anasikia?

Leo nina ujumbe mmoja tu wa kujibu, lakini najua wenye swali hilo ni wengi, basi vuteni mkeka tukae.

Mama mmoja wa Tanga ananiandikia. Mwanawe ana miaka 3 na miezi 2, na miezi 10 iliyopita alivalishwa vifaa vya kusikia masikio yote mawili. Mama mkwe kila akija swali ni lilelile: "Mbona haongei?" Mumewe anasema vifaa vinafanya kazi vizuri tu, kwa sababu mlango ukibamizwa mtoto anageuka. Yeye mwenyewe yuko katikati, hajui ashike la nani. Anauliza: dada, nitajuaje kama hivi vifaa vinamsaidia mwanangu kweli?

Mdogo wangu, hongera kwa kuuliza. Wazazi wengi wakishatoka kliniki na kiboksi mkononi wanaona safari imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Na nikwambie mapema msimamo wangu: mtu wa kwanza kujua kama kifaa kinamfaa mtoto si daktari. Ni yule anayeshinda naye. Mtaalamu anamwona nusu saa, tena chumba kimefungwa, feni imezimwa. Wewe unamwona jikoni, sokoni, kwenye daladala. Kazi yako ni kuyageuza hayo unayoyaona yawe taarifa ambayo mtaalamu anaweza kuifanyia kazi.

Tuanze na mama mkwe, maana ndiye mwenye kelele. Mwanao ana miaka 3 ya kuzaliwa, lakini umri wake wa kusikia ni miezi 10. Wataalamu huhesabu hivyo, tangu siku kifaa kilipoanza kuvaliwa. Mtoto wa miezi 10 hatumhesabii maneno. Tunaangalia kama anageukia sauti ya mama yake, kama anatulia akiimbiwa, kama anabwabwaja "bababa, dadada" badala ya kupiga kelele tu. Kwa hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi 3 iliyopita, usimlinganishe na binamu yake. Ila usijifariji kupita kiasi pia. Miezi 3 ikipita na huoni jipya lolote, hata dogo, hiyo ni sababu ya kurudi kliniki, si sababu ya kumwambia mama mkwe "tusubiri".

Sasa baba na mlango wake. Shemeji, mlango ukibamizwa hata asiyesikia kabisa anaweza kugeuka. Sakafu inatikisika, hewa inasukumwa, kivuli kinapita. Ngoma, honi ya lori, sufuria ikianguka, hizo ni sauti kubwa na nzito, na watoto wengi wenye usikivu hafifu huzipata hata bila kifaa. Maneno ni habari nyingine. Irabu zina nguvu, zinafika mbali. Konsonanti kama s, f na t ni hafifu, na nyingi ziko kwenye sauti za juu, ambako ndiko masikio mengi yenye tatizo hupoteza zaidi. Halafu tazama Kiswahili chetu kinavyoweka mambo mazito pale mwanzoni mwa neno. "Nitakupa" na "sitakupa". Mtoto asiyeipata ile s anasimama anangoja apewe, wewe umeshamkatalia. Akilia unamwita mkaidi. "Anapika" na "anafika", "saa" na "taa", kote huko anabahatisha. Kugeukia mlango hakutuambii lolote kuhusu hayo.

Kuna kipimo cha dakika chache ambacho kila mzazi wa mtoto mwenye kifaa anapaswa kukijua. Kilibuniwa na Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya watoto wasiosikia aliyefanya kazi miaka mingi Kanada. Alichagua sauti 6 zinazogusa eneo lote la mazungumzo, kuanzia zile nzito hadi zile nyembamba: m, u, a, i, sh na s. Ile m iko chini kabisa, kwenye Hezi 250 hivi. S iko juu, Hezi 4,000 na kuendelea. Bahati yetu zote 6 tunazitumia kila siku, huna cha kujifunza.

Fanya asubuhi, kabla televisheni haijawashwa. Mpe mtoto kopo tupu la maziwa ya unga na vipande vikubwa vya mbao, visivyoweza kuingia mdomoni. Mfundishe kwanza uso kwa uso: ukisema sauti, anatupia kipande kimoja kwenye kopo. Akishaelewa mchezo, kaa nyuma yake kidogo, upande wa sikio unalolipima, kama mita 1 hivi. Kifaa cha sikio la pili kizime. Usifunike mdomo kwa kiganja, maana kiganja kinaimeza ile s na utampima mtoto kitu ambacho hakikumfikia. Vua bangili. Usimpulizie shingoni. Angalia kivuli chako kisimtangulie ukutani. Watoto hawa wana macho makali mno, macho ndiyo yamewalea, na wakiona ubavu wako umepanda kwa pumzi wanajua mama anataka kusema.

Sema "aaa" kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, si ya kumwita kondakta. Ngoja. Sema "sss". Nyamaza kwa muda mrefu zaidi, uone kama atatupa kipande bila kusikia kitu. Changanya mpangilio kila siku na vituo visilingane, la sivyo atakariri mwendo wako. Halafu rudi nyuma hadi mita 2, kisha 3. Geukia sikio jingine.

Andika ulichokiona, hivi kavukavu: "Kulia, zote 6 kwa mita 2. Kushoto, sh kwa karibu tu, s hakuna." Sentensi hiyo ina thamani kubwa mezani kwa mtaalamu kuliko "naona anaendelea vizuri". Ikiwa s haipo siku zote, yaelekea kifaa kinahitaji kurekebishwa, wala hutaiziba nafasi hiyo kwa kupiga kelele. Ikiwa jana ilikuwepo na leo haipo, tafuta kilichoharibika: kifaa chenyewe, au sikio lenye mafua. Kumbuka pia kwamba kipande kuingia koponi maana yake amesikia kitu, basi. Hajasema amesikia nini. Akikua kidogo mwambie airudie ile sauti. Akikurudishia "sh" kila unaposema "s", hapo umejua jambo jingine kabisa.

Kabla ya kumlaumu mtoto, kagua chombo. Betri nyingi za vifaa hivi hufanya kazi kwa hewa. Zina kibandiko, na ukishakibandua ziache dakika moja kabla ya kuzifungia ndani. Zikishaanza kazi haziachi, hata ukirudisha kibandiko. Omba kliniki wakuuzie au wakuazime kile kimpira cha kusikilizia, kinachofanana na cha daktari, ili wewe mwenye masikio mazima usikie sauti inayotoka. Ikikwaruza au kukatika, umeshapata jibu. Angalia kimpira kinachounganisha kifaa na sikio: matone ya maji yakikaa mle, sauti haipiti. Kwa sisi wa Pwani hili ni tatizo la kila siku. Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, jasho na unyevunyevu haviishi. Usiku toa betri, weka kifaa kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya maji, vya aina inayokuja kwenye maboksi ya viatu, lakini mbali kabisa na mkono wa mtoto. Usikianike juani.

Kikipiga mluzi, wengi hukipunguza sauti au kukivua. Hapana. Mara nyingi mluzi unasema ile plastiki inayoingia sikioni, ambayo mafundi huiita moldi, imekuwa ndogo, na sauti inavuja inarudi kwenye kifaa. Sikio la mtoto linakua, na moldi ni kama viatu vya shule: hakuna anayeshangaa vikibana. Mtoto mchanga anaweza kuhitaji mpya kila baada ya miezi 2 au 3. Huyu wa miaka 3, pengine mara mbili kwa mwaka. Nta ikijaa sikioni nayo huleta mluzi. Mwone mhudumu aitoe, usichokonoe kwa pamba. Na ukiona usaha, siku hiyohiyo kliniki.

Tuje kwenye saa. Mwanao huvaa kifaa saa ngapi kwa siku? Najua jibu: "siku nzima, dada". Watafiti wa Marekani waliwauliza wazazi swali hilo, kisha wakafungua kumbukumbu ndani ya vifaa vyenyewe, kwa sababu vifaa vingi vya kisasa hujiandikia muda vilipokuwa vimewashwa. Kwa wastani wazazi walikuwa wamezidisha kwa zaidi ya saa 2. Si kwamba ni waongo. Siku ya mtoto mdogo ina kulala mchana, kuoga, kukivua na kukitupa chini ya kochi. Utafiti mwingine wa hukohuko ulionyesha kwamba watoto waliovaa zaidi ya saa 10 kwa siku walipiga hatua nzuri zaidi katika lugha. Basi kabla hujasema kifaa hakisaidii, mwombe mtaalamu afungue hiyo kumbukumbu. Ikisoma saa 3, tatizo tumelipata.

Na hapa kuna jambo tunalolificha. Zipo nyumba mtoto huvuliwa kifaa wageni wakija. Harusini anavuliwa "asije akakipoteza". Kwenye picha ya familia anavuliwa. Bibi anakivua kwa huruma, kwamba mtoto anachoshwa. Mdogo wangu, mtoto anaisoma aibu yenu mapema sana. Kila anayeshika mtoto huyo, bibi, dada wa kazi, mwalimu wa chekechea, ajue kukivalisha na kubadili betri. Weka uzi wa kukifunga kwenye kola, mvalishe kofia laini ikibidi, halafu akivae hadi kwenye hiyo harusi.

Sasa daftari. Huko Australia, Teresa Ching na wenzake walitengeneza dodoso liitwalo PEACH, ambalo mzazi ndiye mtoa ushahidi. Linauliza mambo ya kawaida: mtoto akiitwa jina kwenye utulivu anaitika? Akiitwa kwenye kelele je? Anafuata maagizo mepesi? Anafuatilia hadithi? Ndani ya gari anasikia? Kila swali hupewa alama kutoka 0, yaani hafanyi kamwe, hadi 4, yaani hufanya kila mara. Kwa watoto wachanga zaidi lipo jingine, LittlEARS, lenye maswali 35 ya ndiyo au hapana. Uliza kliniki yako inatumia lipi. Kama hawana, anza na daftari la shule la kawaida.

Kanuni ni moja: andika tukio, usiandike hukumu. "Leo amesikia vizuri" futa. Andika hivi: "Jumanne jioni, sebuleni, TV imezimwa. Nimemwita mara moja nikiwa mlangoni, amegeuka. Jumatano, mvua kwenye bati, nimemwita mara nne, hakugeuka hadi nilipomgusa. Alhamisi, muuza maandazi amepita nje, mtoto amekwenda dirishani kabla sijamwona mimi." Hilo la maandazi liwekee nyota! Amesikia sauti ya mbali, ameitambua ni ya nani, na amejua ina manufaa gani kwake. Andika utulivu kando na kelele kando, kwa sababu kifaa kinaweza kufaulu kimoja na kushindwa kingine. Andika pia akikunja uso au kukivua ghafla pikipiki ikipita: huenda sauti kubwa zinamuumiza, na hilo linarekebishika. Wiki 2 za daftari zinatosha kuanza mazungumzo.

Ukifika kliniki, usiogope kuuliza. Kwanza, kifaa kilipangwa kwa kufuata vipimo vya mtoto huyu? Mtoto asiyeweza bado kujibu hupimwa akiwa usingizini, kwa waya ndogo zinazosoma jinsi mshipa wa fahamu unavyoitikia sauti. Pili, sauti inayofika ndani ya sikio lake imepimwa, au imekadiriwa kwa kompyuta tu? Tundu la sikio la mtoto ni dogo, na sauti ileile inakuwa kubwa zaidi mle kuliko kwenye sikio la mtu mzima. Ndiyo maana wapo wanaoingiza kimrija chembamba kando ya moldi na kupima hapohapo, na yapo makadirio maalumu kwa watoto pale kipimo hicho kinaposhindikana. Kifaa kilichopangwa kama cha babu kinaweza kumpigia kelele mno, au kikawa kimya pale palipo na s. Tatu, omba karatasi ya matokeo yake akiwa na kifaa na akiwa bila kifaa, uiweke pamoja na kadi ya kliniki.

Nalisema hili hasa kwa mliopata vifaa kwenye kambi za msaada. Mshukuru Mungu na waliotoa. Lakini kifaa kilichovalishwa siku moja, na hakuna aliyerudi kukipima, hakijamaliza kazi. Kipeleke kikaguliwe.

Na itokee mmeyafanya yote: saa zimetimia, moldi mpya, mipangilio imepimwa, miezi kadhaa imepita, na s na sh hazipo kabisa, pengine hata i. Hapo kifaa cha kuongeza sauti huenda kimefika mwisho wa uwezo wake. Muulize daktari kuhusu kile kinachopandikizwa kwa upasuaji, ambacho hupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wakipelekwa nje, India hasa. Usingoje hadi aanze darasa la kwanza, umri una uzito mkubwa katika jambo hili. Na kama uziwi ulikuja baada ya homa ya uti wa mgongo, haraka iongezeke maradufu, maana ndani ya sikio panaweza kugeuka mfupa na njia ya upasuaji ikazibika. Hata hicho kinachopandikizwa kina betri, kina saa za kuvaliwa, na kinahitaji kupangwa upya mara kwa mara. Zile sauti 6 zitakufuata huko pia.

Shule nitaigusa kidogo, ina siku yake. Sauti ya mwalimu hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, na darasa la watoto 60 chini ya bati halina huruma. Mweke mtoto mbele, mbali na dirisha la barabarani, na umwoneshe mwalimu lile zoezi la kopo. Wasomaji wangu wa Kenya, vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, vile mnavyoviita EARC, vipo tangu mwaka 1984. Msisubiri mwalimu awatume.

Jambo la mwisho, na najua wapo watakaonuna. Kusikia "m" na "u" tu si lugha. Kama vipimo na daftari vinasema mtoto anapata kidogo, msimnyime lugha ya alama eti itamfanya mvivu wa kusema. Mtoto anahitaji lugha sasa, kwa mlango wowote ulio wazi, na alama hazimzuii kuvaa kifaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja lugha ya alama kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, na bado kuna wazazi wanaipiga marufuku mezani kwao. Kifaa kikishindwa, kimeshindwa kifaa. Mtoto hajashindwa kitu, wala wewe.

Basi mama wa Tanga, kesho asubuhi tafuta kopo. Pima sikio moja moja, anza daftari, na mwite mumeo akae upande ule mwingine aone kwa macho yake ni sauti zipi zinamfikia mwanawe. Wiki ya tatu nenda kliniki na hayo maandishi, uombe wafungue kumbukumbu ya saa na wapime moldi. Ukitoka huko niandikie walichokuambia. Na mama mkwe akija, mpe na yeye zamu ya kusema "sss".